Injini ya Iturrioz

Antilef amechomoa plagi zote sita,
amezipanga juu ya gazeti kama meno ya ng'ombe.
"Silinda ya tatu imekufa," anasema,
"ya tano inaaga. Oili unayomimina
inatokea nyuma ikiwa moshi, Eluned.
Unaulisha upepo."

Na upepo wa huku haujawahi kulala njaa.
Hula rangi ya milango, hula mabati,
ulikula hata kofia ya mchungaji
siku tuliyomzika baba pale Gaiman.

Usiku nimekaa ndani ya pikapu, tochi mdomoni,
napiga hesabu nyuma ya risiti ya sufu.
Kuifanyia ovaholi: kondoo ishirini na wawili.
Injini mpya, ndani ya sanduku, kutoka Buenos Aires: usiniulize.
Kuiuza kwa kilo, chuma chakavu:
wanakulipa hela ya betri mbili
na wanakuja kuibeba wenyewe, wakitabasamu.

Gwilym alipiga simu kutoka Trelew.
"Mama, la kuvunda halina ubani. Chukua mkopo."
Yeye ana gari linalokulilia usipofunga mkanda.
Sikumjibu. Nilikuwa natazama kishimo cha dashibodi
alichokichimba kwa msumari akiwa na miaka minne,
siku tuliyokwama mtoni hadi giza,
na baba yake akiimba ili asilie.

Chesisi ni nzima. Hilo nililiuliza mara mbili.
Antilef aliingia uvunguni, akagongagonga kwa nyundo,
akatoka na vumbi nyusini.
"Nzima. Giaboksi nzima. Ni moyo tu."
Nikamwambia moyo hauachi doa la oili sakafuni.
"Basi hujaona mioyo mingi," akasema.

Ndipo, akifuta mikono, bila kunitazama,
akataja kwamba iko injini. Aina ileile.
Haijafika nusu ya umri wa hii.
Imelala uani kwake tangu Agosti,
pikapu ilipopinduka kwenye barafu njia ya Dolavon.
"Ya nani?"
Akaendelea kufuta mikono.

Miaka kumi na minne sijasemeshana na Iturrioz.
Sababu ni uzio: mita tatu za miiba na changarawe
ambazo hata kondoo hawazitaki.
Ajali ile haikumchubua, ila macho
yalikuwa yamekwisha kumhama, leseni wakaichukua.
Sasa anatembea. Namwona kando ya barabara,
mkono mmoja umeshika kofia.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Na kikuukuu cha mtu usiyempa salamu,
hicho kinaitwaje?

Niliuza kondoo tisa.
Siku tatu mnyororo ulilia pale gereji.
Bolti mbili zilikataa, Antilef akazitukana
kwa lugha ya bibi yake, zikakubali.
Siku ya nne nikawasha.
Ilikohoa mara moja, ikashika:
sauti nene, ya kifuani, si yetu.
Mbwa aliruka kutoka nyuma
akagoma kupanda hadi jioni.

Nilipita njia ya uzio kwa sababu ndiyo njia ya nyumbani,
si kwa sababu nyingine.
Alikuwa amesimama pale, ameipa barabara mgongo.
Hakugeuka; angetazama nini?
Aliinua kidole kimoja tu,
kama mtu anayesikiliza birika chumba cha pili.
Nikasimama. Sikuzima.

"Asubuhi ikiwa baridi," akauambia uzio,
"usiiondoe papo hapo. Ipe dakika mbili.
Haipendi kuharakishwa."

Nikasema nimesikia.

Tukabaki hivyo, yeye nje, mimi ndani,
dakika mbili, pengine zaidi,
petroli ikiungua bure.